Kifungo cha Profesa Ostrander

Ijumaa hii, tarehe 2 Juni 1967, Profesa Verna Ostrander anafunga mlango wa maabara ya njiwa kama alivyoufunga kila Ijumaa kwa miaka thelathini na mitatu, ila safari hii Jumatatu hatakuja kuufungua. Mambo yake ya kisomi yameandikwa na wenzake wa ghorofani, yako ukurasa wa mbele wa programu hii ya kumuaga, vitabu na medali zote zimetajwa. Mimi ni Bernadine Hruska wa usafi, ninayelisha njiwa na kupika kahawa ya jengo zima. Walionipa ukurasa huu wanaujua mdomo wangu vizuri, kwa hiyo mkichoka kusoma msinilaumu mimi.

Alifika hapa Fairlow mwaka 1934, msichana mrefu kama bua la hindi, ameshuka kwenye treni na kofia ya kijani na makasha mawili ya njiwa. Mimi sikuwepo, ila nimehadithiwa na watu wengi sana na wote wanaapa walikuwepo stesheni siku ile, sijui walienea vipi. Basi mzee wa stesheni akamwuliza, "Binti, hawa wa kupika au wa kufuga?" Akajibu, "Wa kusomesha." Kufika jioni mji mzima ukawa unasema chuo kimeishiwa wanafunzi.

Chuo chenyewe hakikujua kimweke wapi. Wakampa chumba cha chini, jengo la zamani la maziwa, pale walimu wa kilimo walipokuwa wanatengenezea jibini. Mpaka leo mvua ikinyesha kuta zinatoa harufu ya jibini, na wanafunzi wake waliotawanyika nchi nzima huwa wananiandikia kadi za Krismasi wakiniuliza kama bado inanuka. Nawajibu inanuka. Naona wanafurahi.

Kwa ambao hamjawahi kushuka kule chini, kazi ni hii. Njiwa anaingia kwenye sanduku, ndani kuna kidude ukutani. Akikidonoa, punje inashuka. Inashuka papo hapo, na hiyo papo hapo ndiyo kazi yote. Ikichelewa kidogo tu, njiwa anadhani amelipwa kwa kujikuna. Hapo nimekosea, nimesema "anadhani", na Profesa akisoma atanyoosha kidole kuelekea kwenye mtungi.

Maana kuna mtungi. Wa kioo, uko juu ya sinki, pembeni yake kopo la mahindi ya bisi. Profesa hataki mtu aseme njiwa amekasirika, au mwanafunzi ni mvivu, au fulani ana wivu. Anasema huo moyo wake umeuonea wapi? Sema alichofanya. Ukiteleza ukasema cha moyoni, unatia punje mtungini, halafu Sikukuu ya Shukrani tunakaanga bisi tunakula wote. Sasa mtu kama mimi, jamani, nimezaliwa Mtaa wa Depot, kwetu hakuna habari isiyoanzia moyoni mwa mtu. Nikimsimulia mambo ya binamu yangu na mchumba wake natia mpaka kopo linapungua. Bisi za miaka yote hiyo karibu zote ni zangu, na watu wamezila na siagi bila kunishukuru.

Yeye mwenyewe hatii. Nimekaa naye tangu vita vimeisha, na nimemwona akitia punje mara moja tu. Nitawaambia ilikuwaje.

Hagombezi, hilo nalo mlijue. Tulikuwa na mkuu wa idara, amekwishastaafu akahamia Arizona, alikuwa akiongea madirisha yanatetemeka. Akipiga kelele, Profesa anaendelea kupima njiwa zake kama vile hakuna mtu. Akishusha sauti, Profesa anainua kichwa, anamtazama, anammiminia kahawa. Kufika Pasaka yule bwana alikuwa anaongea kama yuko kanisani. Aliondoka hapa akiwaambia watu hewa ya Iowa imemtuliza. Ilikuwa kahawa yangu.

Walikuwepo waliomsema vibaya, tusifiche. Walisema ana roho baridi, anawageuza watu njiwa. Hao nawauliza kila siku kama wanamjua Irma Kolar.

Irma ni jirani yangu, tumetengana uzio tu. Mwaka 1951 binti yake Janelle alikuwa na miaka mitano na hajawahi kusema neno. Masikio mazima kabisa, ukifungua kopo la matunda ya pichi uani kwangu anakuja mbio. Lakini neno hakuna, na akishindwa kupata anachotaka anapiga kichwa sakafuni mpaka Irma anatandaza blanketi jikoni. Daktari Prentiss wa wilaya, mtu mzuri tu, kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo, alikwishasema mtoto atapelekwa kwenye nyumba ya serikali ya watoto wa namna hiyo kule kaskazini. Tulikuwa tunaijua. Mtoto alikuwa anakwenda na sanduku lake dogo la nguo, wazazi wanamtembelea Pasaka ya kwanza, labda na ya pili, halafu tunaacha kuwauliza.

Nikamwambia Irma, mlete kwa Profesa.

"Yule wa njiwa?" akasema. "Bernadine, mwanangu si ndege."

"Na huko kaskazini watamwona nani?"

Akaendelea kuanika shuka. Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni pa jengo la maziwa, amemshika mtoto mkono, na kwapani ana chupa ya pichi alizosindika mwenyewe.

Profesa hakumwuliza mtoto ana ugonjwa gani. Aliuliza anakula nini. Basi walianza hivyo, Profesa na koti lake jeupe na kijiko kidogo cha pichi. Mtoto akimtazama, kijiko. Baadaye kumtazama tu hakutoshi, mpaka midomo ikutane. Baadaye mpaka itoke pumzi. Wanafunzi wawili waliokuwa wanasaidia nao walivaa makoti meupe, na Irma alikaa nje ya mlango wa kioo, maana mtoto akimwona alikuwa anamng'ang'ania tu. Siku "pichi" ilipotoka, nilikuwa nimesimama nje na Irma, mimi na ndoo yangu. Irma alivua glavu moja akaivaa tena.

Wiki zikaenda, yakaja mengine. Maziwa. Paka. Wakamwekea picha ya Irma mezani, akaanza kuigusa na kusema "mama". Sisi tulikuwa tunatembea na furaha kana kwamba tumemzaa wenyewe. Ila nyumbani, kimya. Hata herufi moja. Irma akaja akiwa mwekundu usoni.

"Profesa, ananiita mama kwenye picha. Mimi mwenyewe ananipita kama kiti."

"Labda unakichelewesha kijiko," Profesa akamwambia.

"Sikicheleweshi. Nasimama nacho mpaka mkono unakufa ganzi."

Akaonyeshwa tena, kijiko hivi, papo hapo. Akarudi nyumbani, kimya kilekile. Nami nikaanza kusikia kwa akina mama wa kanisa kwamba labda Irma anadanganywa, labda mtoto haongei hata huko chini. Niliwajibu ipasavyo, hayo si ya kuandikwa kwenye programu.

Daktari Prentiss akasema atakuja Ijumaa aone kwa macho yake, na karatasi ya kumpeleka mtoto kaskazini atakuja nayo. Profesa akataka siku hiyo ipendeze. Daktari ni mgeni, tusimpokee kama tuko machinjioni. Akavaa gauni lake la kijani, koti akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Wanafunzi akawaambia waje na nguo za Jumapili. Hata mimi nilibandika kifuani bruchi ya mama yangu. Irma naye safari hii akaruhusiwa aingie ndani.

Mtoto akaketi. Pichi mezani, kijiko hicho hapo. Profesa akauliza kama kila siku, "Janelle, hii ni nini?"

Hakuna.

Paka. Hakuna. Picha ya mama, hakuna, anamtazama Profesa kama mtu asiyemjua. Daktari alingoja, kwa kweli alingoja sana, alikuwa na huruma (nimetia punje). Halafu akatoa kalamu. "Bi. Kolar," akasema, "pole sana." Irma alikuwa ameubana mkoba wake tumboni kwa mikono miwili. Sisi wengine tulimtazama Daktari, tulitazama ile kalamu. Profesa peke yake ndiye aliyeendelea kumtazama mtoto.

Janelle akashuka kitini. Akatembea mpaka kwenye msumari, akalivuta koti pindoni.

"Pichi," akaliambia.

Daktari akaishusha kalamu. "Huyu mtoto anaongea na koti."

"Anaongea, Daktari," akasema Profesa. "Koti niachie mimi."

Wakakubaliana mpaka Pasaka. Kama Pasaka ikifika mtoto anaongea na mama yake nyumbani, nguo za kawaida, basi karatasi inachanwa. Kama haongei, itatiwa sahihi. Daktari alipoondoka Profesa alikaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yamempanda mpaka kidevuni. "Nimemfundisha koti," akasema. "Muda wote huu nilikuwa namsomesha mtoto kuongea na koti, na mama yake nimemweka nje ya mlango." Mnaona kilichotokea? Maabara nzima tumevaa nyeupe, kila pichi imetoka kwenye mkono wenye nyeupe. Kwa Janelle kitu cha kuongea nacho kilikuwa kile cheupe, watu wote wengine duniani ni samani.

Halafu akainuka, akalitoa koti kwenye msumari, akamvalisha Irma. Lilimfika karibu na vifundo vya miguu. "Usilivue," akamwambia. "Kupika, kukamua, kila mahali."

Jioni ile Irma alisimama jikoni kwake na koti la chuo kikuu, na mtoto akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mama. Maziwa." Mumewe Emil aliniambia Irma aliketi sakafuni palepale, na maziwa akaleta yeye Emil. Lakini Emil ni Emil, kesho yake akaanza kumtania mkewe. "Daktari, na mimi mgongo unaniuma, nivue shati?" Irma alikwenda na koti kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, amebeba bakuli la viazi, na wote wakanyamaza mikono hewani. Mimi nilikuwa nimewahi kufika. Nilikwishawaeleza kila kitu kabla hajaingia, kwa hiyo walipata nafasi ya kunyamaza tu, ya kumsema hawakupata.

Sasa lazima koti liondoke, ila liondoke taratibu mtoto asilione likiondoka. Profesa alikuwa na koti lile moja tu, alikulia miaka ya shida, hanunui cha pili kabla cha kwanza hakijaoza. Aliazima mkasi kwenye droo yangu akakata mikono yote miwili ya koti. Akangoja. Mtoto anaongea. Akapunguza chini, likawa kama shati, likawa kama kizibao. Baridi yote ile alifanya kazi na sweta ya kahawia, na njiwa hawana adabu, mabega ya sweta yalikuwa meupe kuliko koti lenyewe.

Mwezi wa Machi, Irma akaona Pasaka inakaribia na bado amevaa kipande cha koti, akalivua lote siku moja. Mtoto akanyamaza. Na kichwa kikarudi sakafuni. Irma alikuja jengo la maziwa anatembea haraka, hata kitambaa cha kichwa hana, na theluji bado inadondoka.

"Nimeharibu. Nimeharibu kila kitu, Profesa."

"Hujaharibu. Umeruka ngazi mbili. Rudi moja." Akampa kola na mfuko wa kifua vya lile koti akamwambia avishone kwenye aproni yake, na kahawa akammiminia mwenyewe, hakuningoja mimi.

Kola ikaondoka. Ukabaki mfuko kwenye aproni. Mfuko ukakatwa nusu. Mwisho kikabaki kifungo, kifungo kimoja cheupe cha mfupa kimeshonwa begani, na mtoto anakiona kila asubuhi akiomba uji wake.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, Irma yuko jikoni anakaanga mayai, amegeukia jiko. Akasikia nyuma yake, chini ya meza:

"Mama, kifungo kimeanguka."

Akageuka. Janelle amepiga magoti na kifungo kiko kiganjani. Irma akajitazama begani. Hapakuwa na kitu, uzi tu.

Najua hivyo kwa sababu alivuka uzio na mtoto mikononi, miguu mitupu kwenye theluji iliyobaki, na mayai yakaungulia huko. Nikapiga simu maabara. Nilikuwa nalia, Irma analia, nikamwambia Profesa maneno yale manne kama yalivyo: mama, kifungo, na kimeanguka, mwaona hata kuhesabu sikuweza. Upande wa pili kimya kidogo. Halafu akasema, "Basi mpeni yai. Sasa hivi, msikae mkilia kwenye simu." Tukampa langu.

Nilipofika kazini nilimkuta amesimama kwenye sinki. Akachukua punje moja kwenye kopo akaitia mtungini.

"Profesa," nikamwambia, "hujasema kitu."

"Nimesema," akajibu. "Hukusikia tu." Akarudi kwa njiwa zake.

Daktari Prentiss alikuja Jumanne baada ya Pasaka, kwa Irma, jikoni, na koti lake zito la rangi ya udongo. Janelle akajificha nyuma ya aproni akauliza, "Mama, huyu nani?" Daktari akafungua mkoba wake akairudisha karatasi bila kuikunjua, akasema kama zimebaki pichi na yeye angependa.

Baada ya hapo walikuja wengine, mnawajua, baadhi yao mmeketi humu ukumbini na watoto wenu wenyewe. Mwisho hata ile nyumba ya kaskazini ikawaleta wauguzi wake kushuka ngazi zetu na kujifunza kushika kijiko. Na tangu mwaka ule mama anakaa ndani ya chumba kuanzia siku ya kwanza, mwalimu anabadilisha nguo, anabadilisha chumba, hata kofia. Kanuni hiyo imeandikwa vitabuni. Hadithi ya koti haimo vitabuni, ila kila mwaka, somo la kwanza kabisa, Profesa anawasimulia wanafunzi wapya kosa lake mwenyewe kabla hajawasimulia ushindi wa mtu yeyote. Nimelisikia nikipiga deki mlangoni miaka yote hii, na kila mara akifika kwenye msumari naacha kupiga deki.

Tutabaki na nini? Masanduku yatakwenda ghalani kupisha mashine ya kukokotoa, wanasema ni kubwa kama ng'ombe watatu. Njiwa wazee Profesa anawachukua nyumbani kwake, wanakwenda kula bila kudonoa kitu. Msumari nimewaomba mafundi wasiung'oe. Kahawa nitapika, lakini nitakuwa nampikia nani tena wa kuninyooshea kidole?

Profesa, haya yanasomwa wewe umekaa hapo mbele na gauni lako la kijani, si lile, jipya. Mkuu wa chuo atakupa saa ya ukutani, jitahidi ushangae. Lakini tukishakata keki, kuna msichana atasimama mstari wa pili, mwenye nguo ya manjano. Ana miaka ishirini na mmoja, anafanya kazi pale kwenye mitambo ya simu, siku nzima anaongea na watu asiojua wamevaa nini. Mkononi ana kiberiti kisicho na njiti, na ndani ya kiberiti kuna kifungo ambacho mama yake amekiweka kwenye droo ya vijiko tangu asubuhi ile. Anataka akurudishie. Nilijitolea kumwandikia ya kusema, akakataa, akaniambia, "Shangazi Bernadine, yangu ninayo." Basi sikilizeni yeye.

Uende salama, Profesa. Ulale mpaka jua liingie jikoni, theluji wakuzolee wengine, na njiwa wako wakunenepee mpaka washindwe kuruka. Bisi za leo ni za mtungi wa mwaka huu, kuleni wote. Na kabla hamjaanza, mnishikie kopo hapo: tunakupenda sana, na mioyo yetu ni mizito. Haya, punje zangu mbili hizi hapa.